Landrova ya Mahari

"Mtoeni kwanza huyo kuku, ndipo tuzungumze habari za gari," alisema Donatus, naye alikuwa bado hajamsalimu mtu.

Kuku aliyesemwa alikuwa ameatamia katika kiti cha dereva cha Landrova, mahali ambapo kuku wa nyumba ile walikuwa wameangua vifaranga kwa miaka bila kusumbuliwa. Hosiana alimnyanyua kwa mikono miwili, akamweka ndani ya kapu pamoja na mayai yake, na kuku akamdonoa kidole. Hakulalamika. Alikuwa amezoea kuumizwa na kila kilichokaa ndani ya gari lile.

Nyuma ya Donatus, juu ya lori dogo lililotoka Geita, kulikuwa na injini ya dizeli iliyofungwa kamba kama fahali anayepelekwa mnadani. Injini hiyo ilikuwa imeendesha karasha, mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu, katika kiwanja cha Donatus nje kidogo ya Kalangalala, hata chuma chake kikageuka rangi ya vumbi la mawe. Salome, mkewe, aliteremka kwa uangalifu, akautazama ua wa minyaa, kibanda ambamo Hosiana aliwapikia wachimbaji wa almasi, na kanga zake zilizokuwa zimeanikwa juu ya kamba.

"Wifi, bado mnakunywa maji ya kisima kilekile?"

"Kilekile, wifi. Karibu unywe."

"Asante, nimekuja na yangu."

Mzee Mayala alikuwa ameketishwa karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, lakini masikio yalibaki makali, na kwa masikio hayo aliendelea kuitawala nyumba.

"Ni Donatus huyo?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umeileta?"

"Nimeileta."

Mzee hakuuliza habari za wajukuu zake, Kulwa na Doto, wala za safari. "Nataka niisikie ikinguruma kabla sijafa," alisema. "Watu wa Maganzo wamesahau mimi ni nani."

"Hawajasahau, babu," ilijibu sauti kutoka chini ya gari. "Wanasema wewe ndiye yule mwenye banda la kuku la Mwingereza."

Blessing alijiburuta kutoka chini ya chesi, uso umejaa kutu, ovaroli yake ya chuo cha ufundi imefungwa kiunoni kwa kipande cha kamba ya katani. Alikuwa mtoto pekee wa Hosiana, na miongoni mwa wajukuu wote wa Mzee Mayala ndiye peke yake aliyethubutu kumtania.

"Huyu anafanya nini chini ya gari langu?" Donatus aliuliza.

"Lako tangu lini, mjomba?"

Hapo ndipo ilipojulikana. Mzee alikuwa amempigia mwanawe simu akamwambia: leta injini, gari litakuwa lako. Na alikuwa amemwambia mjukuu wake, alipotoka chuoni na cheti cha ufundi wa magari: lishike kwa mikono yako, litakuwa lako. Kila mmoja aliamini kwamba ni yeye peke yake aliyeahidiwa. Hosiana alikuwa ameuza sufuria zake kubwa kumnunulia binti yake springi na mipira ya breki. Donatus alikuwa amesimamisha karasha yake. Wote wawili walimgeukia mzee.

"Gari ni langu mpaka nife," alisema Mzee Mayala. "Nyinyi tengenezeni."

Hosiana alitaka kusema, lakini Salome alikuwa akimwangalia, na kapu la kuku lilikuwa mikononi mwake. Alikwenda kupika. Alijua alichokitaka, na alijua kwamba siku ya kukitaka ingefika gari litakapowaka: baba yake aseme mbele ya watu kwamba Landrova ile ilitoka kwake, Hosiana, na kwa hiyo ilikuwa ya mtoto wake. Neno moja tu. Akiwa na gari hilo, Blessing angebeba mchanga wa wachimbaji kutoka mashimoni, angefungua gereji yake kando ya barabara, na hakuna mwanamume ambaye angemuuliza anakaa kwa nani.

*

Kazi ilichukua kiangazi chote, na haikupita siku bila tusi.

Injini ya karasha haikukubali kukaa juu ya giaboksi ya Landrova. Ilibidi likatwe bamba la chuma la kuziunganisha. Donatus alilikata kwa macho, Blessing alilikata upya kwa kipimo, na bado matundu ya bolti yalipishana. Kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba ni yeye aliyeliharibu. Donatus alilitupa bamba kwenye minyaa, likakata tawi, na utomvu mweupe ukamtiririkia Salome kwenye mkoba.

"Nani alikufundisha kushika spana hivyo?" Donatus alisema.

"Chuo, mjomba."

"Chuo! Karasha yangu imekwishakula vidole vya wenye vyeti."

"Ndiyo maana imebaki na njaa, ikaja kwetu."

"Mama Blessing!" Donatus alimpigia dada yake kelele kibandani. "Mtoto wako hana adabu. Huko alikozaliwa hawafundishi?"

"Huko alikozaliwa unakujua," Hosiana alijibu bila kuinua kichwa. "Nyote mnakujua."

Mchana aliwaandalia michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, na maziwa ya mgando. Salome aliugeuza mchembe kwa ncha ya kijiko kana kwamba anatafuta kilichofichwa chini yake. "Wifi, gari la ukoo linatengenezwa kwa michembe? Hata mafundi wa barabarani hupewa nyama."

"Nyama iligeuzwa gari, wifi. Hiyo hapo, wanaifunga bolti."

Kwenye benchi la wateja, Cornel aliangua kicheko. Cornel alikuwa dalali wa almasi, mtu wa maneno mengi, mwenye asili ya Kahama. Alikuwa wa ukoo mmoja na Mwigulu, mwanamume aliyekuwa amemwoa Hosiana. Alikula kwa Hosiana kila siku, na kila siku alilipa kesho.

"Mnakumbuka," alisema Cornel huku akijipangusa mdomo, "wazee wetu walipokuja hapa kudai ng'ombe? Mama Blessing amekwishamkimbia ndugu yetu, yupo kwao, haonyeshi dalili ya kurudi. Wazee wakamwambia Mzee Mayala: rudisha mahari. Mzee akawaonyesha hii Landrova, kuku wamejaa. 'Ng'ombe zenu hizo hapo. Zimekufa. Mkitaka, chuneni.' Wakarudi Nyasubi, kule Kahama, na njaa yao."

Mzee Mayala alicheka mlangoni mwake, cheko kavu la mtu anayepewa haki yake. "Kweli kabisa! Chuneni!"

Hosiana peke yake hakucheka. Alikuwa akimsikiliza binti yake, aliyekuwa amelifungua benchi la nyuma la Landrova na kuliweka juani.

"Mama, njoo tulipime kitambaa. Kaa hapa kidogo, nione linavyobonyea."

"Nitalipima nikiwa nimesimama."

"Kaa tu, mama, halina misumari."

"Nimesema nitasimama."

"Muulize kwa nini hakai," Donatus alisema kutoka kwenye boneti.

Blessing hakuuliza, kwa kuwa sura ya mama yake ilimtosha. Lakini Hosiana alimjibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupika mlenda. Ng'ombe wa mahari yake walipofika kutoka Nyasubi, babu aliwauza wote mnadani akanunua gari hili, naye akawa mtu wa kwanza mtaani kuwa na Landrova. Mwaka haukuisha vizuri, Hosiana alirudi nyumbani na jino moja limepungua na Blessing yu mgongoni. Wakwe wakasema: mke au ng'ombe. Ng'ombe hawakuwapo, lilikuwapo gari. Babu akampandisha nyuma, kwenye benchi lile, akamfungia mbuzi wa kuombea msamaha miguuni pake, akamrudisha. Aliendesha mwenyewe. Njia nzima alipiga honi kila walipopita watu.

"Mara ya pili nilipokimbia, gari lilikuwa limekufa," alisema Hosiana. "Na babu yako si mtu wa kumrudisha binti yake kwa basi. Ndiyo maana nipo."

Blessing aliitazama spana iliyokuwa mkononi mwake. "Sasa mbona umeniacha nilifufue?"

"Kwa sababu ni langu. Nililipa mimi."

"Ulilipa wewe?" Donatus alitupa tambara chini. "Ng'ombe zile zilikuwa zangu, dada. Mahari ya dada humwoza kaka, kila mtu anajua. Mimi niliingia mashimoni Geita ndevu hazijaota, nikabeba mawe mgongoni, ili nijitafutie mke mwenyewe. Mke huyu unayemwona hapa nimemchimba kwa mikono."

"Nimechimbwa!" Salome alisema. "Sikilizeni mume wangu anavyonisifu."

"Basi mimi na wewe tuliumizwa na mtu mmoja, Baba Kulwa," Hosiana alisema polepole.

Kwa muda mfupi ilionekana kwamba Donatus angesema ndiyo. Kisha alimtazama baba yao mlangoni, akaliokota tambara. "Wewe umekula ugali wake mpaka leo," alisema. "Tusifananishwe."

*

Iliwaka siku ya Jumapili, baada ya kanisa, jirani na jamaa wakiwa wamejaa uani. Mara ya kwanza ilikohoa moshi mweusi ukafunika kanga za Hosiana. Mara ya pili ilishika, ikatetemesha mabati ya kibanda, na mlio ulioenea ukawa mzito na wa chini, mlio wa mtambo uliozoea kuvunja mawe. Watoto walikimbia. Mzee Mayala alisimama bila kushikwa, fimbo ikamwanguka, na machozi yakamteremka kwenye mashavu yasiyonyolewa.

"Hiyo! Hiyo hiyo! Mnaisikia?"

"Tunaisikia, mzee."

"Nilipoingia nayo Nyasubi walidhani mkuu wa wilaya amefika! Wanawake walipiga vigelegele!"

Hosiana alijua ni safari ipi. Hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele siku ile. Alijifuta mikono, akapita katikati ya watu, akapiga goti mbele ya baba yake kama inavyompasa binti, na kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia juu ya mlio wa injini, akasema:

"Baba, watu wapo. Nakuomba neno moja. Landrova hii ilitoka wapi?"

Donatus alisogea. "Dada, si leo."

"Baba, ilitoka wapi?"

Siku nyingine mzee angemfukuza. Lakini masikio yake yalikuwa yamejaa utukufu, na mtu aliyejaa utukufu hupenda kuulizwa ulikotoka. "Ilitoka kwako!" alitamka. "Ni ng'ombe za Hosiana, binti yangu! Nani hapa ana binti aliyetolewa ng'ombe wanaotosha Landrova? Ni za Hosiana, na yeye ndiye mwenyewe. Mjukuu wangu ndiye aliyezifufua. Gari ni lao!"

"Na injini yangu?" Donatus aliuliza.

"Umemchangia dada yako."

Watu walicheka. Donatus alibaki na mikono yenye grisi, akichekwa katika ua aliozaliwa, na mkewe akamwambia kwa sauti isiyo ya siri, "Nilikwambia tangu Geita. Ulidhani kwa baba yako nawe ni mtoto."

Hosiana aliinuka. Usiku ule wote na siku zilizofuata alitembea kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Aliwapa wateja mboga ya nyongeza. Alishona kitambaa chekundu cha benchi, akakikaza kwa mikono yake, ingawa hakulikalia. Hakugundua kwamba Cornel, aliyekuwa karibu na lango Jumapili ile, alikuwa ameacha kucheka kabla ya wengine, akatoka nje na simu sikioni, na tangu siku hiyo hakuja kula.

*

Mwigulu alifika na basi la asubuhi, amevaa koti. Aliandamana na kaka yake Theonest, msemaji wa ukoo, mtu mpole mwenye kofia ya pama, aliyeivua kofia yake tangu langoni.

"Mwangaluka," Theonest aliamkia.

"Mwangaluka," Mzee Mayala alijibu. Kisha akaisikia sauti ya pili ikimwamkia, akaitambua, na uso wake ukajifunga.

Walipewa viti. Walipewa maji, Mwigulu akayanywa yote na kurudisha kikombe kwa Hosiana bila kumtazama, kama anavyokirudisha mtu aliye nyumbani kwake. Alikuwa amezeeka. Mkono uliorudisha kikombe ulikuwa na madoa, na Hosiana alishangaa kuona kwamba aliukumbuka kwa kucha zake.

"Baba mkwe," alianza Theonest, "tulipokuja mara ile ulituambia ng'ombe zetu zimekufa. Tulikubali. Ng'ombe ikifia kwa mkwe, tufanye nini? Lakini tumesikia kwamba zimefufuka. Na tumesikia kwamba wewe mwenyewe umesema, kwa kinywa chako, mbele ya kadamnasi, kwamba gari hili ndilo ng'ombe za Hosiana. Hatukusema sisi."

"Zimenona, naona," alisema Mwigulu. "Zimepakwa rangi."

"Cornel," Blessing alisema huku ameuma meno.

"Mtu wetu alitupasha habari, ndiyo," alisema Theonest bila hasira. "Neno letu ni lilelile la zamani, baba. Hatukuongeza wala kupunguza. Mke wa ndugu yangu aliondoka, na mahari haikurudi. Ng'ombe au mke."

Hosiana alikiweka kikombe chini. Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa ameliomba neno lile. Kwa goti lake. Gari lilipokuwa kutu na kuku, hakuna mtu aliyemtaka. Alikuwa amelikazania liitwe ng'ombe, na ng'ombe wana mwenyewe.

"Si ulitaka ziitwe ng'ombe?" Donatus alimnong'oneza, na hakuna aliyejua kama alikuwa anamcheka.

"Mimi ni mtu mzima," alisema Blessing. "Mama ni mtu mzima. Kuna mahakama Shinyanga."

"Nyamaza," Mzee Mayala alisema. "Mambo ya ukoo hayapelekwi kwa watu wenye tai."

Hosiana alimtazama baba yake. Miaka ilikuwa imepita tangu alipomtazama hivi, mtoto mgongoni, damu mdomoni, akingoja kusikia atachagua nini. Alijiambia kwamba mtu huzeeka. Alijiambia kwamba kwa miaka yote hii ni yeye aliyemwosha, aliyemkata kucha, aliyemwongoza chooni akimshika mkono; kwamba huenda mikono imemfundisha kile ambacho macho hayakukiona.

Mzee Mayala alipapasa hewani mpaka akaligusa gari. Aliupitisha mkono juu ya boneti mpya kama anavyomchunguza fahali mtu anayejua ng'ombe, bila haraka.

"Gari halitoki," alisema.

"Baba," Hosiana alisema.

"Mwigulu amezeeka, mikono yake haina tena nguvu ya kukupiga. Anahitaji mtu wa kumpikia. Wewe kupika unajua. Jiandae."

Hata Salome aliziba mdomo. Theonest alizungusha kofia yake magotini, akaangalia chini. Mwigulu peke yake ndiye aliyetabasamu. "Kibanda cha kupikia nitamjengea," alisema. "Nyasubi pana wateja kuliko hapa."

Blessing alikuwa ameshaishika nyundo. Hosiana alimshika mkono, akaichukua nyundo, akaiweka juu ya tairi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa tulivu hata mzee akageuza sikio ili ahakikishe ni yake.

"Nitakwenda, baba. Ila sitakwenda kwa basi kama gunia. Mara ile nilipelekwa kwa Landrova, na leo nipelekwe kwa Landrova. Blessing ataendesha. Watu waione."

Uso wa Mzee Mayala ulifunguka. "Umesema kama binti yangu," alisema. "Waione! Mpige honi Shinyanga mjini, mpige honi Kahama. Kisha mtoto anirudishie gari langu kabla jua halijazama."

*

Donatus ndiye aliyeyapima maji ya rejeta na kukaza kifuniko cha mafuta. Kibali cha kulijaribu gari barabarani kilikuwa kwa jina lake. Alimkuta Hosiana akipakia, akaona kwamba hapakii kitu. Hakuwa na sanduku. Hakuwa na sufuria. Katika mfuko wa plastiki alikuwa na kanga moja na chupa ya maji, na sanduku la spana la Blessing lilikuwa limeachwa chini, kando ya kapu la kuku.

Alimtazama dada yake kwa muda mrefu.

"Ile ni injini yangu," alisema.

"Najua."

"Niliifungua mwenyewe karashani. Nimeitunza kuliko nilivyojitunza."

"Najua, Baba Kulwa."

Angeweza kupaza sauti; baba yao alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Badala yake alitema mate pembeni. "Klachi ni nzito," alisema. "Waambie huko wasiikanyage ovyo." Kisha akaondoka, na hakumuaga.

Mwigulu alikaa mbele, akitoa kiwiko dirishani. Theonest alikaa nyuma, na Hosiana akaketi mbele yake, juu ya kitambaa chekundu alichokishona mwenyewe. Benchi lilibonyea palepale lilipobonyea zamani. Kutoka Maganzo mpaka Shinyanga, na kutoka Shinyanga mpaka Kahama, Blessing aliendesha bila kusema neno na bila kupiga honi. Mwigulu alipounyosha mkono ili aipige mwenyewe, binti yake aliuondoa mkono ule kutoka kwenye usukani kama anavyoondoa mtu jani lililoanguka.

Nyasubi sokoni watu walisimama kutazama. Vijana waliacha mikokoteni. Mbele ya nyumba ya Mwigulu, majirani walitoka, wake kwa waume, na Hosiana alisubiri mpaka wakawa wengi. Ndipo aliposhuka.

"Zima," alimwambia Blessing.

Blessing alizima, akauchomoa ufunguo, akampa mama yake. Hosiana alimwendea Theonest na kumnyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

"Shemeji, wewe ni msemaji wa ukoo. Mlisema nini kwa baba yangu?"

Theonest alielewa kabla ya wengine wote. "Tulisema ng'ombe au mke," alijibu polepole.

"Ng'ombe hawa hapa. Wamefika kwa miguu yao, wanapumua, kila mtu amewasikia."

"Baba yako amekataa gari!" Mwigulu alisema. "Amesema halitoki! Nilikuwapo!"

"Baba yangu amesema ng'ombe ni za Hosiana, na Hosiana ndiye mwenyewe. Alisema mbele ya Cornel. Si ndilo neno lililowapandisha basi? Kama neno lile ni la uongo, hamna la kudai. Kama ni la kweli, gari ni langu, na mimi mwenyewe nimelirudisha. Shemeji, niambie mbele ya watu hawa: bado mnanidai?"

Theonest alimtazama ndugu yake, akautazama ufunguo, akavaa kofia yake kama mtu anayemaliza ibada.

"Hatukudai tena," alisema.

"Ninachotaka mimi ni mke!" Mwigulu alipiga kelele. "Gari la nini? Sijui hata kuendesha!"

Mwanamke mmoja kwenye umati alicheka, kisha mwingine. Mwigulu aligeuka huku na huku akitafuta nani amecheka, na alipogeuka alikutana na Blessing.

"Likiharibika, mnipigie simu," alisema Blessing. "Nitakuja kama fundi."

Alisema hivyo bila kulia. Alilia baadaye, ndani ya basi, uso ameukandamiza kwenye kioo, mikono yake bado ina kutu ya kiangazi kizima. Hosiana hakumbembeleza. Alijua amelipa kwa jasho la mtoto wake. Alimwekea tu kanga magotini.

*

Mzee Mayala alikuwa amehamishia kiti chake langoni. Jua lilikuwa linazama. Alisikia basi likisimama barabarani, likaondoka. Alisikia nyayo za watu wawili, akazitambua zote mbili.

"Mbona sijalisikia?" aliuliza.

"Shikamoo, baba."

"Gari liko wapi?"

"Kwa Mwigulu. Nimerudisha ng'ombe."

Fimbo ilipanda, ikatafuta, ikampata begani. Haikuwa na nguvu. Ilipanda tena, na safari hii Hosiana aliishika, akaishusha chini polepole, akaiegemeza kwenye goti la baba yake. Mlangoni, Salome alikuwa anamwita mumewe aje asikie. Donatus aliendelea kufunga kamba zake juu ya lori tupu, mgongo amewapa wote.

"Umeniua," alisema Mzee Mayala. "Nani atajua kwamba nilikuwa mtu? Na wewe, umerudi hapa kufanya nini?"

Katikati ya ua, pale Landrova ilipokuwa imesimama kwa miaka, udongo ulikuwa mweusi kwa mafuta, na kuku alikuwa akizunguka juu yake akitafuta kiti chake. Hosiana alilichukua kapu lenye mayai mapya, akaliweka hapohapo, akamwachia.

"Kupika, baba," alisema. "Mara zote niliingia na kutoka hapa nikipelekwa. Leo nimekuja mwenyewe."

Kisha akamwamkia tena, shikamoo, kwa kuwa hakuwa ameitikiwa, akangoja kidogo, akaenda kuwasha moto.